Mgeni Lubumbashi: ununue kwa njia gani usipigwe bei?

Ukihamia Lubumbashi kutoka Mwanza, Nairobi au Kitwe, wiki za mwanzo utasikia bei mbili za kitu kimoja: ya mama aliyekutangulia kwenye meza ya nyanya, na ya kwako. Pengine hujasema neno, mavazi yameshasema. Pengine umesalimia tu, na lafudhi imetaja ulikotoka. Inauma, hasa kwa mtu aliyekuja kutafuta maisha kama wengine na mshahara wake haumzidi jirani yake mwenyeji. Tangu Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Waafrika Mashariki wanazidi kupafahamu hapa, na swali lao ni lilelile: nipatane bei mwenyewe, nimtume mwenyeji, ninunue dukani penye bei iliyobandikwa, au nitafute muuzaji wangu wa kudumu?

Kila njia ina mahali pake. Lakini kabla ya kuzilinganisha, tuangalie pesa ya mgeni inapotea wapi, maana wengi wanapigana vita palipo na hasara ndogo na kuacha kubwa ipite.

Hasara iko wapi hasa

Ya kwanza ni bei yenyewe, na hiyo kila mtu anaiona. Hata hivyo, si kila bei iliyopanda imepanda kwa sababu yako. Unga wa bukari, yaani ugali, unaoliwa hapa sehemu kubwa hutoka Zambia na kupita mpaka wa Kasumbalesa. Zambia ikipata ukame kama ule wa 2024, au mpaka ukifungwa kama ulivyofungwa siku chache Agosti mwaka huohuo, bei ya gunia inapanda kwa wote: profesa, mchimbaji na wewe. Usimwite mama wa watu mwizi kabla hujauliza jirani yako amenunua kwa ngapi asubuhi hiyohiyo.

Ya pili ni kipimo, na hapa ndipo wageni wengi wanapoumia bila kujua. Unga, mahindi, maharage na kapenta (dagaa) hupimwa kwa meka, yaani kopo la kupimia. Tazama mkono wa muuzaji. Akimpimia anayemfahamu, huchota, hutikisa unga ushuke, huchota tena, huongeza kwa kiganja mpaka kilele kinamwagika pembeni, kisha hutupia konzi moja ya matabisi, yaani nyongeza ya bure, ndani ya mfuko. Akimpimia asiyemjua, huchota mara moja, hupitisha mkono juu, hufunga mfuko. Bei iliyotajwa ni moja kwa wote wawili, kwa hiyo mgeni anaondoka ameridhika kwamba leo hakupigwa. Tena ziko meka zilizogongwa chini mpaka kitako kimeingia ndani, na hiyo huioni mpaka uigeuze.

Ya tatu ni dola. Kongo inatumia sarafu mbili kwa pamoja: faranga, iliyoanza kutumika 1998, na dola ya Marekani, ambayo watu waliikimbilia tangu mfumuko mkubwa wa bei wa miaka ya tisini. Kodi ya nyumba, televisheni na friji hutajwa kwa dola, nyanya kwa faranga. Kati ya hizo mbili, mgeni hukatwa mara mbili. Tuseme kitu ni dola 5 na unalipa kwa faranga: muuzaji anakokotoa kwa kiwango cha juu. Ukilipa kwa noti ya dola 20 akurudishie faranga, anakokotoa kwa kiwango cha chini. Ikiwa tofauti ni faranga 150 kwa kila dola, kwenye chenji ya dola 15 umeacha faranga 2,250, na hakuna aliyekutajia bei mbaya. Mwaka 2025 jambo hili lilionekana wazi, kwa sababu faranga ilipanda thamani ndani ya miezi michache na bei nyingi za dukani hazikushuka nayo.

Vigezo vya kulinganisha

Nitatumia vigezo vinne kwa kila njia. Gharama kamili: bei, kipimo, kiwango cha dola na nauli ya kwenda na kurudi. Muda wako. Ubora wa unachopata. Na cha nne, ambacho kwangu kina uzito sawa na pesa: unabaki vipi na watu. Unaishi nao. Mtu anayegombana kila asubuhi kwa faranga mia mbili anaweza kushinda bei na kupoteza mtaa.

Kupatana bei mwenyewe

Njia hii inahitaji masoko, na mji huu unayo: Soko Kenya katika komini (wilaya ya mji) iitwayo Kenya, Soko Mzee Laurent-Désiré Kabila mjini, Njanja, na masoko ya Katuba na Ruashi.

Kwa gharama, hakuna njia inayoweza kushuka kuliko hii, na hakuna inayoweza kupanda kuliko hii. Inategemea unajua nini kabla ya kufungua mdomo. Uliza nyumbani kwanza: meka ya unga ni ngapi wiki hii, fungu la lengalenga (mchicha) ni ngapi. Kisha pita mezani bila kuuliza, usikilize wengine wanavyolipa. Beba faranga, noti ndogondogo, kwa sababu anayetoa noti kubwa kwa kitu kidogo ameshajitangaza. Salimia kwanza: “Jambo mama, habari ya nyumba?” Halafu uliza bei, halafu “bei ya mwisho?” Ikiwa haishuki, omba kipimo badala ya bei: “Mama, basi uongeze matabisi.” Wauzaji wengi watakataa kupunguza faranga lakini hawatakataa kuongeza konzi, na mfuko wako utarudi nyumbani na kilekile ulichokuwa unatafuta.

Muda ni tatizo kubwa. Soko la asubuhi ya Jumamosi linakula nusu ya siku. Ubora uko mikononi mwako: unabonyeza nyanya, unanusa tomsoni, samaki wa barafu, unaona kama sombe (kisamvu) imechumwa leo. Usishike usichotaka kununua, na usipatane mpaka mwisho kisha uondoke. Bei ikishakubaliwa, lipa.

Kwa upande wa watu, njia hii ina pande mbili. Anayepatana kwa upole hujulikana haraka, na wiki ya tatu anaitwa kwa jina. Anayepatana kwa kelele au kwa dharau hujulikana haraka zaidi. Na nasema hili kwa moyo wote: mama aliyekaa chini ya jua tangu alfajiri na mtaji wa beseni moja la nyanya si adui yako. Amekutajia bei ya juu kwa sababu hajui utalipa ngapi, na wewe hujui ataachia kwa ngapi. Mazungumzo ndiyo yanayowakutanisha.

Inawafaa wenye muda, wanaojua Kiswahili cha kutosha kujibizana bila hasira, na wanaokusudia kukaa.

Kumtuma mwenyeji

Anaweza kuwa dada anayekusaidia nyumbani, mlinzi, jirani, au mwenzako wa kazini anayepita sokoni. Bei atakayopata ni ya mwenyeji, na kipimo pia. Lakini ongeza nauli yake ya kwenda na kurudi, na muda wake, ambao ni pesa hata kama hakudai. Watu wengi husahau hesabu hiyo, kisha wanashangaa anaporudi na chenji pungufu. Ushauri wangu ni kulipa wazi: hii ni ya vitu, hii ni nauli, hii ni yako. Ukifanya hivyo, hutakuwa na sababu ya kumhoji mtu mzima kwa bei ya vitunguu, jambo linaloumiza zaidi ya hasara yenyewe.

Kuna jambo wageni hawalitegemei. Baada ya muda, wauzaji hujua dada yule anamnunulia nani. Wamemwona akishuka kwenye gari la kampuni, au amenunua vitu ambavyo nyumba ya kawaida hainunui. Kuanzia hapo bei yake inapanda pia, na anabanwa pande mbili: sokoni anatozwa kama wewe, nyumbani anaulizwa kwa nini amelipa ghali. Mwache achague soko lake mwenyewe, na asipelekwe na gari lako.

Kwa muda, hakuna njia iliyo rahisi kuliko hii. Kwa ubora, mara nyingi anakushinda, maana anajua sombe ipi ni changa na kapenta ipi imekaa mno. Kwa upande wa watu, unapata msaada wa mtu mmoja na kuukosa mji. Mwaka unaweza kupita hujui bei ya chochote, na siku dada yule akisafiri kwenda msibani unaanza upya kama uliyeshuka leo.

Inawafaa wenye kazi za saa nyingi, wagonjwa, wenye watoto wachanga, na kila mtu katika mwezi wa kwanza.

Duka la bei iliyobandikwa

Supamaketi za mjini na maduka ya barabara kubwa hubandika bei, na bei hiyo haina sura ya mtu. Kwa anayechoka kutazamwa kabla ya kuhudumiwa, amani hiyo ina thamani, na simlaumu anayeilipia.

Gharama yake hutegemea unanunua nini. Maziwa ya unga, mafuta, sabuni na nepi, vingi vikitoka Afrika Kusini na Zambia, huwa na tofauti ndogo na maduka ya mtaani, na tarehe za mwisho wa matumizi unazisoma mwenyewe. Mboga, matunda na samaki ni hadithi nyingine. Utalipa zaidi kwa kitu kilichochumwa juzi. Mlango wa hasara hapa ni kwenye sanduku la kulipia: angalia kiwango cha siku kilichoandikwa, na ulipe kwa sarafu ileile iliyoandikwa kwenye bei. Chenji ya senti hairudi kwa dola, hurudi kwa faranga, na wakati mwingine kwa pipi. Dai faranga zako kwa adabu. Noti ya dola iliyochanika hata ukingoni itakataliwa, hivyo ikague kabla hujaipokea wewe kama chenji. Simu inasaidia: akaunti za M-Pesa, Airtel Money na Orange Money za hapa zina mfuko wa dola na mfuko wa faranga, na ukilipa kamili kwa sarafu husika hakuna chenji ya kukatwa.

Katika kundi hili naweka pia depo, yaani maduka ya jumla. Gunia la unga la kilo 25 lililoshonwa kiwandani halina meka wala kilele. Bei yake inajulikana mtaa mzima, na kumdanganya mgeni kwenye bei inayojulikana ni kazi ngumu. Kwa familia inayokula bukari kila siku, hii pekee huokoa kuliko kupatana kote kwa mwezi.

Muda ni mfupi. Watu utakaowajua ni wachache. Inawafaa wapitaji, wanaohitaji risiti kwa ajili ya kampuni, na mtu yeyote kwa vitu vilivyofungwa.

Kuwa na muuzaji wako

Hapa unachagua mama mmoja wa mboga, mmoja wa unga, kijana mmoja wa mikate, fundi mmoja, na unarudi kwao hata siku ambayo meza ya pili ni nafuu kidogo. Hii ndiyo njia wenyeji wenyewe wanaishi nayo, na ndiyo ninayoipenda, ingawa si ya kila mtu.

Gharama yake si ya chini kabisa. Utalipa bei ya kati, bila kupanda na kushuka kwa sura yako. Faida iko kwenye kipimo na ubora: kilele juu ya meka, matabisi bila kuomba, nyanya zilizofichwa chini ya meza kwa ajili yako kwa sababu alijua ni siku yako ya kupita. Atakuambia usinunue mahindi leo, malori yanaingia kesho kutwa. Mwezi ukiwa mgumu atakukopesha mpaka mshahara utoke. Mgeni aliyekopeshwa sokoni ameshaacha kuhesabiwa mgeni.

Muda wa kuanza ni mrefu. Wiki kadhaa za kununua kidogo kidogo, kulipa deni siku uliyosema, kuuliza hali ya watoto. Baada ya hapo ununuzi ni dakika chache.

Udhaifu wake ni kwamba macho yanalala. Mara mojamoja uliza bei kwenye meza nyingine, bila kununua na bila kutangaza. Ukikuta tofauti kubwa, mwambie muuzaji wako kwa utulivu, mkiwa wawili: “Mama, kule nimesikia hivi, kuna nini?” Jibu lake litakuonyesha kama ubaki. Na mzigo huu uko pande zote mbili: yeye akiwa na siku mbaya na mboga zinaanza kunyauka, nunua hata usichohitaji sana.

Inawafaa wanaokaa zaidi ya miezi michache, wenye mshahara mdogo usiostahimili makosa, na wanaotaka kuishi hapa, si kupita tu.

Pikipiki, teksi na nyumba

Usafiri ni mfupi kuueleza. Kwa manseba, yaani dereva wa pikipiki, sema unakokwenda na ukubaliane nauli kabla hujapanda. Ukiuliza ukishafika, umechelewa. Kwa teksi ya kushiriki, nauli ni ya mstari na abiria wote wanalipa sawa, kwa hiyo tazama anayeshuka mbele yako. Mgeni anayesimama peke yake barabarani na mizigo mara nyingi hufanywa ekspresi, yaani mwenye kukodi teksi nzima, bila kuulizwa. Sema mapema kwamba unapanda na wengine.

Nyumba ndiyo inayostahili nguvu zako zote. Tofauti ya dola 100 kwa mwezi kwenye kodi ni kubwa kuliko kila nyanya utakayolipia ghali mwaka mzima. Wenye nyumba wamezoea wapangaji wa kampuni za migodi ambao hawaulizi, na komisyonere (dalali) anayekutembeza hulipwa kwa kufuata kodi, hivyo hana sababu ya kukushushia. Mtume mwenyeji aulize kwanza, kwa simu, bila kutaja ni ya nani. Nenda na mtu huyo siku ya kuona nyumba. Kuhusu garanti, yaani pesa ya dhamana unayomwachia mwenye nyumba, sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka ukomo wa miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi, ingawa wengi watakuomba zaidi. Taja sheria hiyo kwa heshima, kisha mzungumze. Chochote unacholipa kiandikwe kwenye mkataba, kwa dola au kwa faranga, na hali ya milango, mabomba na mita ya umeme iandikwe siku unayoingia, maana siku ya kutoka ndipo garanti za wageni hupotea.

Kwa hali yako

Umekuja kwa wiki mbili au tatu: duka la bei iliyobandikwa kwa vilivyofungwa, mwenzako wa kazini kwa mboga. Usijisumbue kupatana kila kitu. Hasara ya siku chache ni ndogo. Kagua kiwango cha dola tu.

Wewe ni dereva wa lori, unasubiri siku kadhaa kabla ya kurudi na shaba kuelekea Dar es Salaam: tafuta mama mmoja wa chakula na urudi kwake kila safari. Kwa watu wanaorudi mara kwa mara, hata kama hawakai, muuzaji wa kudumu anafaa kuliko inavyodhaniwa.

Una familia na mpo kwa mwaka au zaidi: gunia la depo kila mwezi, muuzaji wako kwa mboga na samaki, supamaketi kwa vya watoto. Mwezi wa kwanza mtume mwenyeji, na mwombe akuchukue naye mara kadhaa uone anavyosalimia na anavyoomba matabisi.

Unatoka kazini giza likiingia na huna mtu nyumbani: lipa mtu akununulie, umlipe vizuri, na Jumamosi moja kwa mwezi uende sokoni mwenyewe ili bei zisikupotee.

Wewe ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pesa inatoka nyumbani na inachelewa: unganeni watatu au wanne mnunue gunia moja, mboga mnunue jioni wauzaji wanapotaka kufunga, na chagueni muuzaji mmoja mapema ili mwezi pesa ikichelewa muwe na mahali pa kukopa.

Ngozi yako inaonekana kutoka mwisho wa barabara na kila bei inaanza juu: usijaribu kushinda meza kumi. Chagua wauzaji wawili watatu, wafahamu vizuri, na mahali pengine pote ununue penye bei iliyoandikwa.